Nani Alimzika Mufasa?

Binti yangu wa miaka 8 hakulia Mufasa, mfalme wa simba katika filamu ya *The Lion King*, alipokufa. Alingoja. Nilimtazama alivyokaa mkekani, mikono magotini, macho kwenye skrini, kama mtu aliyewahi kufika msibani akisubiri wenye mji watoke ndani. Simba mdogo akakimbia, fisi wakamfukuza hadi miibani, akaanguka jangwani, akaokotwa na nguchiro na ngiri, nao bila kukawia wakaanza kumwimbia. Hapo ndipo aliponigeukia: "Mama, na papa yake, nani alimuzika?"

Sikuwa na la kumjibu. Filamu ile ilitoka mwaka 1994, mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Nimeiona mara nyingi mno, na swali hilo halikuwahi kunijia. Mfalme anakufa bondeni, ndugu yake mwenye kovu usoni anawahutubia simba majike kwa maneno machache ya huzuni, na usiku huohuo anapanda mwambani kutawala pamoja na fisi wake. Maiti tunaiona kidogo tu, mtoto akijipenyeza chini ya mkono wa baba yake, kisha vumbi. Hatuonyeshwi aliyekuja kuichukua. Lakini mtoto wa Bukavu, mji wetu huku mashariki mwa Kongo, anajua kuwa kifo kina kazi zake. Anajua turubai linalofungwa juu ya ua, viti vya plastiki vya kukodi, wamama wanaolala chini kwenye mikeka pamoja na mfiwa, masufuria makubwa ya kuazima kwa jirani, michango inayoandikwa daftarini jina kwa jina. Binti yangu alikuwa ameyaona yote hayo kabla hajatimiza miaka 6. Filamu ikimwua baba wa mtu na kuyaruka hayo, kwake yeye hadithi imepotea kipande, na anakidai.

Tangu jioni ile nimekuwa nikiangalia filamu na wanangu kwa sikio jingine. Ninao watatu: kijana wa miaka 12, huyo binti, na mdogo wao wa miaka 4. Tunakaa kwenye mteremko wa Kadutu, na siku yetu ya filamu ni Jumamosi jioni, baada ya bugali, umeme ukiwepo. Sijasomea sinema. Ninayoyaandika ni mawazo ya mama aliyekaa mkekani Jumamosi nyingi. Lakini kukaa huko kumenifikisha kwenye jambo moja ambalo sasa naliamini kabisa: filamu ya watoto ipimwe kwa nafasi inayomwachia mtu mzima aliye pembeni aseme. Isiyoacha nafasi hiyo, hata ichorwe kwa ustadi wa namna gani, kwetu huku hupita juu ya vichwa vya watoto kama ndege ya uwanja wa Kavumu.

Nasema kwetu huku kwa sababu ya lugha. Katiba yetu ya 2006 inazitaja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Filamu zinazowafikia watoto wetu, karibu zote, hazisemi hata moja kati ya hizo. Zinakuja kwa Kifaransa, ndani ya flashi, kutoka kwa kijana mwenye kompyuta kando ya barabara anayekujazia tano au kumi huku ukimngoja. Mwanangu mkubwa anakifuata Kifaransa hicho, maana ndicho anachofundishiwa darasani. Binti anashika nusu, nusu anabuni. Mdogo hashiki hata neno. Yeye ana Kiswahili chetu na Mashi kidogo, lugha ya wenyeji wa huku, anayochota kwa koko wake, yaani bibi yake. Basi mimi ndiye mdomo wa filamu. Namwambia mdogo kinachosemwa, nakijaza ambacho binti amekikosa, na mkubwa ananisahihisha nikikosea. Wakati mwingine tunasimamisha picha, tunabishana, tunaendelea.

Kazi hii sikuianza mimi. Nyumbani kwetu miaka ya 1990 aliifanya kaka yangu. Yeye aliruhusiwa kwenda kwenye kibanda cha video. Sisi wasichana tulikatazwa. Akirudi jioni alitusimulia filamu nzima ya karate hapo uani, tangu mwalimu anauawa mpaka mwanafunzi analipiza, na kila ngumi aliipiga kwa mdomo. Miaka mingi baadaye niliiona mojawapo ya filamu zile kwa macho yangu, nikaikuta baridi na fupi. Ya kaka ilikuwa na mama wa yule mwanafunzi, na mama huyo alimfungia mwanawe chakula cha njia. Kwenye skrini hakuwepo.

Kaka naye alikuwa amelishwa na mwingine. Kwenye vibanda vya upande wetu huu wa Afrika kulikuwa na mtu anayepunguza sauti ya filamu na kuweka ya kwake. Dar es Salaam walimjua Lufufu, Kenya wanaye DJ Afro, Uganda watu wa kazi hiyo wanaitwa ma-VJ na kila mmoja ana wafuasi wake. Hawakufuata neno kwa neno. Walimpa shujaa jina la mtaani, walimkemea mwovu, walieleza kwa nini yule mzungu anafokeana na mama yake na hakuna anayeshangaa. Walijua kuwa mtazamaji hakosi maneno tu. Anakosa dunia ambamo maneno yale yana maana. Na kabla yao, enzi za Wabelgiji, wamisionari walizungusha sinema, mtu akisimama kando ya kitambaa kueleza kwa lugha ya pale. Wakati ule sheria ilitenganisha filamu za Wazungu na zile alizoruhusiwa kuziona Mkongo, na yule mweleza alikuwepo ili funzo liingie kama lilivyokusudiwa. Sauti ya pembeni inaweza kumfungua mtu, na inaweza kumfunga. Nalikumbuka hilo kila ninapofungua mdomo mbele ya wanangu.

Turudi kwa simba. Watoto wangu waliipenda filamu ile tangu dakika za kwanza kwa ajili ya majina. Mdogo aliruka: "Ni simba, na jina yake ni Simba!" Kwake ilikuwa kama mtoto aliyebatizwa jina la Mtoto. Mkubwa alicheka kumsikia fisi anaitwa Shenzi, maana nyumbani neno hilo ni marufuku. Yupo Rafiki, yupo Sarabi, yupo Pumbaa, ambaye kwa mtu ajuaye kupumbaa ni nini, amekwisha kujitambulisha kabla hajasema. Katikati ya Kifaransa ambacho hakikumhusu, mdogo wangu alikuwa akiokota maneno yake mwenyewe kama mtu anayekuta ufunguo wake nyumbani kwa jirani. Kampuni ya Disney ilikwenda mbali zaidi ikayasajili maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara huko Marekani, usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi mtandaoni kulipinga jambo hilo. Mimi nawaunga mkono. Matata ni neno tunaloamka nalo Bukavu, matata ya maji, matata ya barabara, matata ya kodi ya nyumba, na hayo hakuna aliyetaka kuyasajili.

Lakini lililonikalisha macho usiku ni lingine: mwuaji ni papa mudogo.

Kwa mtoto wa mbali, ndugu wa baba huenda ni mgeni wa sikukuu. Kwetu ndugu wa baba ni baba. Baba akifa, kwenye kikao cha familia macho yote yanamgeukia yeye, na kila mtu pale anajua kuna njia mbili: atawalea watoto wa marehemu au atawanyang'anya nyumba. Filamu imegusa hofu ambayo familia nyingi hapa zinaijua kwa jina na kwa namba ya kiwanja. Nilisimamisha picha nikamweleza mkubwa wangu kwamba nchi yetu ina Sheria ya Familia tangu 1987, na kwamba sheria hiyo inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Alisikiliza kwa makini kuliko anavyosikiliza masomo. Akauliza kama mtoto anaweza kwenda mahakamani peke yake. Tulizungumza karibu nusu saa, Simba amegandishwa katikati ya nyasi.

Jumapili iliyofuata shemeji yangu alikuja baada ya misa, na sambaza zake, samaki wadogo wa ziwani, ndani ya karatasi kama kawaida yake. Binti alimsalimia kutoka mbali. Akawa anamchungulia mlangoni. Nilimwambia shemeji sababu, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alimwita, akamkalisha karibu, akamwambia: "Papa yako akiwa hayuko, mimi niko. Ni mimi nitakulipia masomo." Huyu mwanaume hakuwahi kusema maneno hayo nyumbani kwetu kabla ya siku ile, na sijui kama angeyasema bila simba yule mwenye kovu. Kwa hiyo siilaumu filamu kwa kumfanya papa mudogo kuwa mwovu. Naona tu kwamba bila mtu wa kukaa pale na kulizungumza, mtoto angebaki na mashaka yake, akiwachungulia wajomba na mababa wadogo mlangoni.

Kuna filamu moja ambayo kila mara nafurahi mkono wa mtoto ukiichagua. Ni *Kirikou et la sorcière* ya Mfaransa Michel Ocelot, ya mwaka 1998. Ocelot aliishi utotoni Guinea, na muziki wa filamu hiyo ni wa Youssou N'Dour. Ina urefu wa dakika zaidi kidogo ya 70 na haina haraka hata kidogo. Waigizaji wanasema Kifaransa kwa lafudhi ya Afrika Magharibi, pole pole, kwa sentensi fupi, na ndiyo filamu pekee ya Kifaransa ambayo binti yangu aliifuata karibu yote bila mimi. Wanawake wa kijiji wako vifua wazi kama wanavyokuwa wanawake kisimani mahali ambapo hakuna mgeni, na Ocelot alikataa kuwafunika hata pale wasambazaji wa nchi nyingine walipoona taabu. Mdogo wangu hakuona cha ajabu. Naamini mwenye haya katika jambo lile ni yule aliyeileta haya hiyo kutoka kwake.

Ila niipendacho ni swali. Kirikou ni mtoto mdogo mno, amezaliwa leo, na kila anayemkuta anamwuliza: kwa nini Karaba mchawi ni mwovu? Wakubwa wanamfukuza. Wanasema ni mwovu kwa kuwa ni mwovu. Yeye anauliza tena. Kila mzazi anamjua mtoto huyo, anaishi naye. Na filamu inamheshimu: inamchukua chini ya ardhi, inampitisha kwenye hatari, inamfikisha kwa babu yake mlimani ili tu apate jibu. Jibu ni kwamba Karaba ana mwiba mgongoni. Wanaume walimkamata, mmoja akamchoma mwiba wenye sumu kwenye uti wa mgongo, na maumivu yake hayajawahi kukoma hata siku moja.

Katika nafasi hiyo filamu inanyamaza. Babu hasemi zaidi. Na mimi, mama wa Bukavu, ninyamaze namna gani? Ninaishi katika mji wenye hospitali ya Panzi, ambako tangu mwaka 1999 Daktari Denis Mukwege na wenzake wanawatibu wanawake walioumizwa kwa namna ambayo sitaiandika hapa. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, na mji mzima ulitoka barabarani kuimba. Mtu mzima wa hapa akisikia kwamba wanaume walimkamata mwanamke wakamchoma mwiba ambao hauonekani, hahitaji kuelezwa. Mwiba ule tunaujua. Tunawajua waliochomwa, baadhi yao wanauza ndizi sokoni karibu nasi, baadhi wanakaa viti vya mbele kanisani.

Binti aliniuliza: "Mama, mbona haendi kwa daktari?" Nilimwambia kuna maumivu ambayo mtu anaogopa kuyaonyesha, kwa sababu kuutoa mwiba kunauma kama kuuchoma. Ndivyo Karaba mwenyewe anavyoogopa. Akafikiri. "Njo maana iko na kasirika bantu bote?" Ndiyo, nikasema, ndiyo maana. Sikusema zaidi, ana miaka 8. Mkubwa wangu, wa miaka 12, alinitazama akaangalia chini, nikajua kwamba yeye amelisikia na lile ambalo sikulisema. Filamu moja, watoto wawili, maelezo mawili, na hakuna aliyedanganywa. Hicho ndicho ninachokiita nafasi. Ocelot aliiacha kwa makusudi, akijua kwamba mtoto ataingia kwa mlango wake na mama kwa mlango mwingine, na kwamba watakutana ndani.

Mwisho wake sikubaliani nao. Kirikou anautoa mwiba kwa meno, mchawi anapona, kisha anambusu mtoto na mtoto anakuwa mwanaume wa kumwoa. Binti yangu alikunja uso: "Lakini iko mutoto." Yeye ndiye mwenye haki. Mwanamke aliyetolewa mwiba anaweza kusimama hapo, akapumua, akaenda alikotaka, bila kuolewa jioni ileile. Tulilisema hilo kwa sauti, sote wanne, na filamu haikupungukiwa.

Ukiweka pembeni yake katuni nyingi za miaka hii, unaona tofauti bila kuhesabu. Mtu anaanguka, gari linalipuka, mzaha, muziki, mzaha mwingine kabla wa kwanza haujaisha. Nikijaribu kumfafanulia mdogo sentensi moja, tatu zimekwisha pita. Naacha. Naye anabaki akicheka wanapocheka wengine, na zikizimwa hana swali hata moja.

Kuna jambo ambalo wazazi wa hapa tunaliongelea kwa sauti ya chini. Februari 2025 mlio wa silaha ulipofika katikati ya mji wetu, watoto wangu watatu walilala sakafuni pamoja nami, magodoro yameegemezwa madirishani. Miezi kadhaa baadaye, jioni ya filamu, tuliweka moja ya mashujaa wanaoruka angani. Televisheni ya Ufaransa ina desturi ya kuweka kwenye kona ya skrini alama ya -10 au -12 kumwonya mzazi, na filamu ile ilitakiwa kuwa salama kwa umri wa binti yangu. Bunduki zilipoanza, mdogo aliingia chini ya meza, kimya, kwa ustadi wa mtu mzima. Binti alikuja mapajani mwangu. Mkubwa hakuondoka. Alikunja mikono, akaangalia mpaka mwisho wa pambano, akasema: "Si vile inaliaka. Na bantu banaongea! Masasi ikilia, mutu haongeake."

Alama ile ya kwenye kona ilipimwa kwa mtoto wa Lyon au Nantes, ambaye risasi kwake ni sauti ya filamu. Mtoto wangu anazo sauti mbili na anaweza kuzilinganisha. Nilizima. Nilikosea kwa kutokuiangalia kwanza peke yangu, na sasa kila filamu naipitisha usiku wao wamelala, sauti ikiwa chini, nikitafuta milio. Lakini nilipozima, mkubwa aliendelea kusema. Alisema mambo ya Februari ambayo hakuwa amenieleza: nani alimwona barabarani, alihesabu milipuko mingapi, kwamba alidhani nimekufa niliposinzia. Aliyasema akiitazama skrini nyeusi, kama kwamba anairekebisha filamu iliyokosewa. Sitamshauri mzazi yeyote amwekee mtoto bunduki ili azungumze. Nasema tu kwamba pale alipoona uongo wa filamu, ndipo alipopata mahali pa kuanzia ukweli wake, na nashukuru kwamba nilikuwa nimekaa pale wala sikuwa jikoni.

Za Afrika tunazo chache kwenye flashi na ninazisaka. Ile ya Chiwetel Ejiofor ya mwaka 2019, *The Boy Who Harnessed the Wind*, juu ya William Kamkwamba wa Malawi aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya 2001, akajenga kinu cha upepo kwa vyuma vya jalalani, ilitupa mabishano ambayo sikuyatarajia. Kijana anahitaji baiskeli ya baba yake aikate, atumie gurudumu na fremu. Baba anakataa kwa hasira. Nilidhani mwanangu atakuwa upande wa kijana mwenzake. Hapana. "Ule papa iko na haki," alisema. "Banabaki na kinga moja tu." Kinga kwetu ni baiskeli. Aliona kilichokuwa mezani: kitu cha mwisho chenye thamani katika nyumba yenye njaa, na mtoto anakiomba ili akivunje kwa ajili ya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mtoto aliyekulia nyumba ambamo kila kitu kimehesabiwa alimwelewa baba kabla ya kumwelewa mvumbuzi. Kwa hiyo baba alipoitoa ile baiskeli, kwake ndipo palipokuwa kilele, kabla hata maji hayajatoka. Ejiofor mwenyewe ndiye aliyeigiza baba, na usoni mwake hasira inageuka kuwa kitu kingine pasipo neno. Nafasi tena.

*Supa Modo* ya Mkenya Likarion Wainaina, ya 2018, ina msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu yake. Ugonjwa hauponi. Mdogo alilala, sisi watatu tulilia, na kwa mara ya kwanza sikuwa na kazi ya kutafsiri, kwa kuwa Kiswahili chao, ingawa si chetu, kilituingia wenyewe. Vilevile *Ubongo Kids* ya Tanzania, iliyoanza mwaka 2014, ambayo kwa haki ni vipindi vya hesabu na sayansi kuliko filamu. Watoto wangu wanakiita Kiswahili kile "Kiswahili bora" na wanakiiga wakicheza. Nawaambia chao nacho ni bora. Wananitazama bila kuamini, maana hawajawahi kumsikia mnyama wa katuni akisema kama wao.

Hapo ndipo hoja yangu inapobana. Bukavu ilimzaa Mweze Ngangura, mwaka 1950. Alishirikiana kutengeneza *La vie est belle* ya 1987, Papa Wemba akiigiza mwanamuziki wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta bahati, na filamu yake *Pièces d'identités* ilipata zawadi kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika huko Ouagadougou, iitwayo Étalon de Yennenga, mwaka 1999. Nilimwonyesha mkubwa ile ya Papa Wemba. Alimjua mwimbaji, hakujua kwamba mtu wa nyuma ya kamera alizaliwa kwenye mji huu huu wenye matope. Alirudia mara mbili: "Ya hapa? Ya Bukavu?" Filamu hizo nazo zinasema Kifaransa, na ninaelewa sababu zake, fedha na masoko. Lakini miaka zaidi ya 35 imepita, na mtoto wa miaka 4 mjini alikozaliwa Ngangura bado anahitaji mama yake ili aelewe simba anayeitwa Simba.

Vijana wa hapa wana vipaza sauti na kompyuta. Nawasikia wakitengeneza matangazo ya redio kwa Kiswahili chetu, na wengine wanaweka sauti kwenye filamu za ngumi kama walivyofanya waliowatangulia. Naomba mmoja wao achukue filamu ya watoto, kwa ruhusa ya mwenye filamu, aifanyie kazi hiyohiyo kwa utulivu. Asiifunike yote kwa maneno. Aongee pale inapohitajika, kisha anyamaze, ili mtu wa mkekani naye apate zamu. Filamu moja tu ya dakika 70, yenye "ao" na "njo" na "bantu" kama tunavyosema. Nitalipa zaidi ya ninavyolipa kujaziwa flashi, na najua wazazi wengi wa mteremko wetu watalipa.

Wiki iliyopita tulikwenda kumwona mama yangu kule Bagira. Haoni vizuri tena na hajawahi kuipenda televisheni. Mdogo alikaa kwenye kigoda mbele yake akaanza kumsimulia ile filamu ya simba, kwa Mashi iliyochanganyika na Kiswahili, akiunguruma panapotakiwa. Nilikuwa nachambua sombe, yaani kisamvu, pembeni nikimsikiliza. Katika filamu yake, baba alipoanguka, Simba hakukimbia jangwani. Alikwenda kuita watu. Tembo akaja, twiga akaja, Pumbaa akaja na viti. Akaja papa mudogo mwingine, asiye na kovu, amebeba turubai. Wakachimba chini ya mwamba, wakamweka Mufasa, na wamama simba wakalala chini kwenye mikeka.

"Siku ngapi?" koko akamwuliza.

Akaviangalia vidole vyake, akainua vinne, vilevile anavyotumia kuonyesha umri wake.